Sharti Lililofutwa na Kompaila

Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini hadi Gongoni, utaona mabwawa ya chumvi ambamo maji ya bahari huingizwa kwa pampu, kisha jua na upepo huachiwa kazi iliyobaki. Katika baadhi ya mabwawa hayo kuna vifaa vidogo vya kupimia kina cha maji ambavyo nimevitunza kwa muda sasa. Kila kimoja kina kichakataji cha biti 32, kumbukumbu ya kilobaiti chache, na programu niliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C, pamoja na kigawaji cha kumbukumbu, yaani sehemu inayozigawia sehemu nyingine za programu nafasi ya kumbukumbu, nilichokiandika kwa kuamini kwamba hakuna aijuaye mashine ile kuliko mimi. Siku moja nilibadilisha toleo la kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, nikaitafsiri upya programu bila kugusa hata herufi moja ya msimbo, nikaipakia kwenye vifaa. Wiki chache baadaye umeme ulikatika usiku, na kulipokucha vifaa vitatu vilikuwa vikizima na kuwaka, vikizima na kuwaka, bila kupima chochote.

Kosa lilikuwa langu, na ninalieleza hapa kwa urefu kwa sababu ni kosa la mtu anayejua, wala si la mtu asiyejua.

Kigawaji changu kilikuwa cha aina nyepesi kuliko zote. Kuna eneo moja refu la kumbukumbu, kielekezi kimoja, yaani kishika anwani, kinachoonyesha mahali palipo wazi, nacho nikakiita p, na kielekezi cha pili kinachoonyesha mwisho wa eneo. Anayeomba baiti n hupewa anwani iliyomo katika p, kisha p husogezwa mbele kwa idadi hiyohiyo. Kabla ya kutoa, kigawaji huuliza maswali mawili: je, p + n imepita mwisho, na je, p + n ni ndogo kuliko p yenyewe? Swali la pili huonekana la kipuuzi kwa asiyezoea mashine, lakini lina shabaha yake. Anwani za biti 32 hukomea 4,294,967,295, na ukijumlisha kupita hapo hesabu huzunguka na kuanza tena sifuri. Kwa hiyo jumla iliyotoka ndogo kuliko ilikoanzia ni dalili kwamba imezunguka, na mwombaji anapaswa kunyimwa.

Urefu wa kila rekodi ulisomwa kutoka kumbukumbu ya fleshi, isiyopotea umeme ukikatika, na ukurasa wa fleshi uliofutwa husomeka kana kwamba kila biti yake ni moja. Umeme ulipokatika kati ya kufuta na kuandika, ukurasa ulibaki mtupu. Kifaa kilipoamka kilisoma urefu wa rekodi, kikapata 4,294,967,295, kikaziomba baiti hizo kwa kigawaji. Katika hesabu ya biti 32, kuongeza namba hiyo ni sawa na kutoa moja, kwa hiyo p + n ikawa p kasoro moja. Mwisho haukupitwa. Jumla ilikuwa ndogo kuliko p, kama nilivyotarajia tangu siku ya kwanza, lakini swali la kuikamata halikuwamo tena katika programu iliyotoka kwa kompaila. Kigawaji kikaridhia ombi la karibu gigabaiti nne ndani ya kilobaiti chache, kikarudisha p nyuma kwa baiti moja, na mwombaji aliyefuata akapewa anwani isiyogawanyika kwa nne. Kichakataji cha Cortex-M0 hakivumilii kusoma neno la biti 32 kwenye anwani kama hiyo. Kikasimama, kikajiwasha upya, kikausoma ukurasa uleule mtupu, kikasimama tena, na hivyo hivyo mpaka nilipofika na laptop.

Swali la pili lilipotelea wapi? Kompaila ililifuta, na ilikuwa na haki. Kiwango cha lugha ya C, yaani hati rasmi ya kanuni zake, kinasema kwamba hesabu ya kielekezi lazima ibaki ndani ya safu moja, yaani mfululizo mmoja wa vitu vya aina moja, au ikomee nafasi moja baada ya kipengele cha mwisho; ukitoka nje ya mipaka hiyo, hata kabla hujasoma wala kuandika chochote, umeingia katika kile kinachoitwa tabia isiyofafanuliwa. Sasa fikiri kama kompaila. Namba n haina alama ya hasi, kwa hiyo haiwezi kupungua chini ya sifuri. Mwandishi ameahidi, kwa kuandika C tu, kwamba p + n haitatoka nje ya safu. Basi p + n haiwezi kuwa ndogo kuliko p katika programu yoyote iliyo halali, swali lina jibu moja tu, ambalo ni hapana, na swali lenye jibu moja halina haja ya kuulizwa wakati programu inaenda. Kompaila ya Clang toleo la 20, lililotoka mwaka 2025, lilitangaza waziwazi kwamba hesabu ya namna hii itafikiriwa hivyo. Matoleo ya nyuma yaliichukulia n kana kwamba inaweza kuwa hasi, na kwa bahati hiyo sharti langu, lile swali la pili, likasalimika kwa muda. Wala jambo lenyewe si geni: mwezi Aprili 2008 kituo cha usalama wa kompyuta cha CERT cha Marekani kilitoa onyo kwamba GCC, kompaila nyingine maarufu, huondoa kimyakimya baadhi ya ukaguzi wa aina hiyohiyo. Onyo lilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, nami nilikuwa nimelisoma.

Tuifafanue basi hiyo isiyofafanuliwa. Tangu kiwango cha kwanza cha mwaka 1989, C hutofautisha mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna mambo ambayo mtengenezaji wa kompaila huachiwa achague, lakini hulazimika kuandika katika hati zake alichokichagua. Kuna mambo ambayo anaweza kuchagua lolote kati ya machache yanayoruhusiwa bila kumwambia mtu. Na kuna la tatu, ambalo kiwango hakiliwekei sharti lolote kabisa. Si kwamba jibu litakuwa namba usiyoitegemea. Ni kwamba hakuna jibu, na tangu tukio hilo kiwango hakiahidi lolote kuhusu programu.

Sababu ya awali ilikuwa mashine. Kompyuta za miaka ya sabini na themanini hazikufanana hata katika kuandika namba hasi, na kumbukumbu za baadhi yao zilikatwa vipande ambavyo anwani zake hazilinganishiki. Lakini sababu hiyo imekwisha kupita. Kiwango kipya cha C, kiitwacho C23, kimeamuru hatimaye kwamba namba zenye alama, yaani zinazoweza kuwa hasi, ziandikwe kwa njia moja tu, ile ambayo kila kichakataji cha leo huitumia. Ungetarajia kwamba kufurika kwa namba hizo, yaani jibu kupita kikomo chao, nako kungefafanuliwa siku hiyohiyo. Hakukufafanuliwa; kumebaki vilevile. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba mjadala huu haukuhusu mashine tena. Tabia isiyofafanuliwa imegeuka kuwa ahadi ambayo kompaila huipokea kutoka kwa mwandishi na kuitumia kama mtaji wa kufupisha msimbo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba makosa haya ni ya wanafunzi. Mwanafunzi huandika kwa hofu. Anayejua mashine huandika kwa kuangalia mashine: anajua anwani huzunguka, anajua biti zikikaa hivi zitasomeka vile, anajua kichakataji kitafanya nini na kila amri. Yote anayoyajua ni kweli, na hayamsaidii kitu, kwa maana kati yake na mashine amekaa msomaji asiyeitazama mashine bali anatazama maandishi, kama kadhi anayehukumu kwa waraka uliowekwa mbele yake, si kwa yale ambayo majirani wote wanayafahamu.

Mfano maarufu zaidi ulitokea mwaka 2009 katika kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, ambayo hakuna atakayethubutu kusema waandishi wake hawajui mashine. Katika sehemu inayoshughulikia mitandao ya bandia, fanksheni moja ilisoma kitu kupitia kielekezi, kisha mstari uliofuata ukauliza kama kielekezi hicho ni kitupu, yaani hakielekezi popote. GCC ikafikiri hivi: kingekuwa kitupu, mstari wa juu ungekuwa hauna maana, mwandishi ameahidi kutoandika yasiyo na maana, kwa hiyo si kitupu, na swali linafutwa. Katika mashine nyingi kusoma anwani sifuri huiangusha programu papo hapo, na pengine mwandishi aliegemea hilo. Lakini palikuwa na njia ya mtumiaji kujimilikisha ukurasa wa anwani sifuri, usomaji ukapita salama, ukaguzi haukuwepo, na mlango ukawa wazi kwa mvamizi. Tangu hapo kerneli hutafsiriwa kwa swichi, yaani chaguo linalopewa kompaila, ya -fno-delete-null-pointer-checks, inayoikataza kompaila kufikiri hivyo.

Dawa ya sharti langu ni fupi kuliko ugonjwa. Badala ya kuuliza mwombaji atafika wapi, ninauliza imebaki nafasi kiasi gani. Mwisho ukitoa p ni tofauti ya vielekezi viwili vya eneo moja, na tofauti hiyo imefafanuliwa kikamilifu. Kisha n inalinganishwa nayo kama namba kwa namba. Hakuna kielekezi kinachotengenezwa kabla ya kujua kwamba kitakuwa halali. Mpangilio huo wa mambo, kukagua kwanza na kuhesabu baadaye, ndio karibu nusu ya kazi yote ya kuepuka tabia isiyofafanuliwa katika msimbo wa kumbukumbu.

Nilipokuwa nikirekebisha nilijitia katika shimo la pili, na hili lina funzo la aina nyingine. Ili kila anwani igawanyike kwa nane, niliamua kuikuza n hadi kigawe cha nane kilicho mbele yake: unaongeza saba, kisha unazifuta biti tatu za chini. Kwa n ya 4,294,967,295, kuongeza saba kunaleta sita, na kufuta biti tatu za chini kunaleta sifuri. Kigawaji kilichorekebishwa kingeona ombi la baiti sifuri, kingelikubali kwa furaha, na mwombaji angeondoka akiamini ana gigabaiti nne. Hapo hakuna tabia isiyofafanuliwa hata chembe: namba zisizo na alama huzunguka kwa amri ya kiwango, kompaila haikufuta kitu, na vyombo vya ukaguzi kwa kawaida vingenyamaza. Msimbo umefafanuliwa kikamilifu na ni mbovu kikamilifu. Ninawaambia wanaodhani kwamba kubadilisha kila namba kuwa isiyo na alama kunatosha: mnahamisha tatizo kutoka mahali ambapo kompaila inaweza kulisema hadi mahali ambapo hakuna wa kulisema. Ukaguzi lazima utangulie ukuzaji. C23 imeleta ckd_add na wenzake, wanaofanya hesabu na kukuambia kama jibu halikuenea, na sioni sababu ya mtu kuandika ukaguzi huo kwa mkono tena pale ambapo kompaila yake inawakubali.

Kuna sehemu moja ambayo kiwango kinamnyima mwandishi wa kigawaji njia halali. Kila kitu katika C kina aina yake, na kusoma kumbukumbu ya aina moja kana kwamba ni ya aina nyingine kumekatazwa, isipokuwa kwa njia chache kama kusoma baiti kwa baiti. Kumbukumbu itokayo kwa malloc, kigawaji cha C chenyewe, huvaa aina ya kitu kilichoandikwa ndani yake. Safu ya char, aina ya baiti moja, uliyoitangaza mwenyewe ina aina yake tayari, na haiwezi kuvuliwa. Kwa hiyo, kwa kufuata herufi, kigawaji kilichojengwa juu ya safu kama hiyo, kama vilivyo vigawaji vingi vya vifaa vidogo, kinavunja sheria mara tu mteja wake anapoandika namba ya biti 32 ndani ya kipande alichopewa. Memcpy, fanksheni ya kunakili baiti, hukuokoa unapotaka kusoma urefu au kichwa cha rekodi ndani ya kigawaji chenyewe, na kompaila nzuri huigeuza kuwa amri moja tu. Lakini haiwezi kuwaokoa wateja wote. Hapa sioni njia nyingine ila swichi ya -fno-strict-aliasing, ambayo kerneli ya Linux nayo huitumia.

Habari ya free, fanksheni ya kurudisha kumbukumbu, huwaponyoka hata waangalifu. Wote wanajua kwamba kusoma kipande kilichorudishwa ni haramu. Wachache wanakumbuka kwamba kielekezi chenyewe hupoteza thamani, na kwamba kukilinganisha tu na kingine tayari ni kosa. Ule mtindo wa kuita realloc, fanksheni ya kubadilisha ukubwa wa kipande, kisha kuuliza kama anwani mpya ni tofauti na ya zamani ili kurekebisha vielekezi vya ndani, umeandikwa katika programu nyingi na si halali katika hata moja. Weka umbali kutoka mwanzo wa kipande badala ya anwani, na swali lenyewe litatoweka.

Vyombo vya ukaguzi vipo na ni vizuri. AddressSanitizer, iliyotoka Google na kuelezwa hadharani mwaka 2012, hukamata usomaji wa nje ya mipaka na wa baada ya kurudisha kwa gharama ya kuipunguza programu mwendo karibu mara mbili. Ndugu yake wa tabia isiyofafanuliwa hukamata kufurika kwa namba na kwa vielekezi. Lakini mwandishi wa kigawaji ana balaa lake la pekee: kwa AddressSanitizer, eneo langu refu ni kitu kimoja, na mteja anayevuka kutoka kipande chake hadi cha jirani bado yuko ndani ya kitu hicho. Ni lazima kigawaji chenyewe kikiarifu chombo kuwa baiti hizi zimefungwa na zile zimefunguliwa, na watu wengi hawafanyi hivyo. Mimi sikufanya. Tena nilikuwa nimejaribu urefu ule wa biti zote moja kwenye laptop, na jaribio likapita vizuri: laptop ni ya biti 64, kuongeza bilioni nne hakukuizungusha anwani, na swali la kwanza likalikamata ombi kabla la pili halijahitajika. Ilinibidi kuitafsiri programu kwa biti 32 kwenye laptop hiyohiyo, kwa swichi ya -m32, ndipo kosa likajitokeza katika jaribio la kwanza kabisa.

Vijana ninaokutana nao baada ya Magharibi karibu na gati, wawili watatu wao wakiandika programu za simu na mmoja akiunda vifaa kama vyangu, walinisikiliza kisha yule wa vifaa akasema, "Mwalimu, hao watengenezaji wa kompaila si wanatuonea tu? Wanajua tulichokusudia."

Nilimjibu kwamba hawajui, na sijabadili mawazo, ingawa malalamiko yake yana nusu ya haki. Kompaila haifuti ukaguzi kwa kuutambua kuwa ni ukaguzi. Hufuta swali lililokwisha kujibiwa, na maswali kama hayo huzaliwa kwa maelfu pale fanksheni ndogo zinapoingizwa ndani ya kubwa. Kuikataza kabisa ni kuikataza kazi ambayo sote tunaifurahia. Nusu yenye haki iko kwa wanaoandika kiwango. Kuita realloc kwa baiti sifuri kulikuwa jambo la mtengenezaji wa kompaila kuchagua na kuandika. C23 imelihamishia katika tabia isiyofafanuliwa, eti kwa kuwa watengenezaji hawakukubaliana. Kutokubaliana ni sababu ya kuwaacha wachague, si sababu ya kumnyima mwandishi ardhi ya kusimamia, hasa katika fanksheni ambayo inapokea ukubwa kutoka kwa data ya watu. Naliona kuwa kosa.

Kwa swichi nina msimamo mkali kidogo. Anayetafsiri kwa -fwrapv, inayofanya namba zenye alama zizunguke, au kwa -fwrapv-pointer, inayofanya vivyo hivyo kwa vielekezi, haandiki tena C ya kiwango, anaandika lahaja. Hakuna aibu katika lahaja, sisi wa pwani tunalijua hilo. Tatizo ni lahaja isiyotajwa: faili la kigawaji likinakiliwa katika mradi mwingine ambao hauna swichi hizo, sheria zake hubaki nyuma na msimbo peke yake ndio husafiri. Swichi ziandikwe juu ya faili lenyewe, na faili likatae kutafsiriwa pale inapowezekana kugundua kwamba hazipo.

Na lugha ya Rust, inayosifiwa kwa usalama wa kumbukumbu? Nimeulizwa, na jibu ni ndiyo kwa sehemu kubwa ya programu. Android imeeleza kwamba udhaifu wa usalama unaotokana na kumbukumbu ulishuka kutoka asilimia 76 ya udhaifu wote mwaka 2019 hadi asilimia 24 mwaka 2024, baada ya msimbo mpya kuandikwa kwa lugha salama zaidi, na kerneli ya Linux ilianza kuipokea Rust katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Kigawaji, hata hivyo, huandikwa ndani ya vizuizi vya unsafe, ambamo ulinzi wa lugha hulegezwa, na humo tabia isiyofafanuliwa imekaa palepale, pengine kwa masharti magumu zaidi ya yale ya C. Ninachokipenda ni kidogo na cha kawaida: kujumlisha kunakozunguka kuna jina lake, kujumlisha kunakokagua kuna jina lake, na mwandishi anaweza kusema waziwazi anataka kupi. Ningekuwa na majina hayo mbele yangu siku ile, ningechagua sawasawa.

Kigawaji kilichomo mabwawani sasa hakifanyi ukaguzi wowote kwa hesabu ya vielekezi. Kina namba inayoanzia sifuri na kuhesabu baiti zilizotumika, ulinganisho mmoja na nafasi iliyobaki, kisha ukuzaji, kisha ulinganisho tena, na anwani hutengenezwa katika mstari wa mwisho kabisa. Urefu wa rekodi unakaguliwa dhidi ya ukubwa wa ukurasa kabla haujafika kwa kigawaji, jambo ambalo lilipaswa kuwepo tangu mwanzo. Vifaa viwili kati ya vile vitatu vimerudishwa Gongoni. Cha tatu kiko mezani kwangu, kikiwa na msimbo uleule wa zamani uliotafsiriwa kwa kompaila ile ya zamani. Nimekikatia umeme katikati ya kuandika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara kimeamka bila tatizo lolote.